Umeme Unaobaki Ndani: Maswali Kuhusu Rezista ya Kumwaga Chaji

Kuchomoa plagi hakutoshi. Fundi wa Makorora, Tanga, anayefungua runinga au mashine ya kuchomelea, kijana anayejifunza kazi kwake, hata mtoto wa nyumbani anayechokonoa sabufa mbovu, wote wajue kwamba kapasita ya pawa saplai huweza kukaa na umeme muda mrefu baada ya swichi kuzimwa. Kazi ya kuumwaga umeme huo ni ya rezista moja au mbili za bei ndogo mno, na fundi asizitoe kwa sababu tu amezikuta zina joto.

Umeme huo unatoka wapi ilhali plagi imechomolewa?

TANESCO hutuletea volti 230. Runinga za siku hizi hazina transfoma kubwa ya chuma mlangoni: umeme hupita kwenye dayodi nne na kujaza kapasita kubwa moja kwa moja. Kapasita hiyo hujaa hadi kilele cha wimbi, yaani 230 mara 1.414, karibu volti 325. Ikiwa ni ya maikrofaradi 220, imebeba zaidi ya jouli 11, na zote zinaweza kutoka kwa mpigo mmoja. Zikiingia mkono huu na kutokea mkono ule, zimepita kifuani, na zinaweza kuua.

Kifaa kizima kikizimwa, saketi yake yenyewe huinywa chaji hiyo. Hatari iko kwenye kibovu. Fyuzi iliyo kati ya kapasita na saketi hiyo ikikatika, au transista ya kuendesha ikifa wazi, hakuna tena cha kuinywa chaji. Na mteja haleti kifaa kizima kwa fundi, huleta kibovu.

Nichague rezista ya ukubwa gani?

Anza na muda. Zidisha omu kwa faradi, utapata sekunde. Muda huo ukipita mara tatu, volti zilizobaki ni asilimia 5 tu. Kwa kapasita yetu ya maikrofaradi 220, chukua rezista mbili za kilo-omu 47 (njano, zambarau, chungwa) uziunge kwa mfululizo. Jumla ni kilo-omu 94, na muda wake ni sekunde 20.7. Baada ya sekunde 35 volti 325 zimeshuka hadi 60; dakika moja ikipita zimebaki 18 hivi.

Kisha piga hesabu ya wati: volti mara volti, gawa kwa omu. Hapa ni wati 1.12, kila rezista ikibeba 0.56. Weka za wati 2 kila moja, kwa sababu rezista inayofanya kazi kwenye ukomo wake haidumu.

Kwa nini mbili badala ya moja? Mafundi wengi hupitiwa hapa. Rezista ina ukomo wa volti pia, si wa wati peke yake. Ile ndogo ya robo wati kwa kawaida huishia volti 250, hata kama haijapata joto. Zikiwa mbili, zinagawana.

Ukitaka haraka ukaweka kilo-omu 10, utapata jiko la wati 10 ndani ya runinga. Ukiweka megaomu 1, haitapata joto, lakini utangoja dakika 11.

Haitamaliza LUKU?

Hata runinga ikikaa kwenye umeme usiku na mchana mwezi mzima, rezista hizo hazifikishi uniti moja.

Inafungwa wapi?

Sambamba na kapasita, kutoka mguu wa chanya hadi wa hasi, karibu na miguu yenyewe. Kusiwe na fyuzi wala swichi kati yake na kapasita, maana fyuzi ikikatika rezista nayo imeachwa nje. Ilehemu, usiitegemee kwenye soketi inayolegea. Iinue milimita chache juu ya bodi, mbali na plastiki na mbali na kapasita, kwani joto huikausha kapasita upesi. Kapasita mbili zikiwa kwa mfululizo, kila moja ipate rezista yake: hapo zitasaidia pia kusawazisha volti baina yao.

Sisi wa pwani tuna jambo letu la ziada. Unyevu wenye chumvi hula miguu ya rezista na risasi ya bodi. Kila ukifungua kifaa, safisha sehemu hiyo na uitazame kwa makini.

Nikishaifunga, nishike bila hofu?

Hapana. Rezista huweza kukatika ndani bila alama yoyote nje. Ngoja, kisha pima kwa mita iliyowekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu, mkono mmoja ukiwa mbali na kazi. Kukiwa bado na chaji, usipige shoti kwa bisibisi: cheche yake huunguza bodi, huumiza macho na kuharibu kapasita. Tumia rezista ya seramiki ya kilo-omu 2.2, wati 10, yenye nyaya zilizofunikwa vizuri. Sekunde tatu zinatosha. Pima tena baada ya muda kidogo, maana kapasita kubwa hujirudishia volti kiasi.

Na meno ya plagi yanayochoma vidole?

Hiyo ni kapasita ndogo ya kuchuja kelele, iliyoko mlangoni mwa kifaa. Nayo hupaswa kuwa na rezista yake, mara nyingi ya karibu megaomu 1. Plagi ikikuchoma, rezista hiyo huenda imekatika au haipo.

Je, ampulifaya za vali na maikrowevu?

Vali, kama za zama ambazo vikundi vya Black Star na Lucky Star vya Tanga vilipiga taarabu kwa magitaa ya umeme, huweza kupita volti 400. Rudia hesabu nzima, na chagua kapasita na rezista za volti hizo. Maikrowevu ina volti zaidi ya 2,000. Kwa kawaida rezista yake imo ndani ya kapasita yenyewe, huwezi kuiona wala kuiamini kwa macho. Asiyefundishwa kazi hiyo asiifungue.