Jina na Kipimo katika Majina ya Sandwichi

Makala haya yanachunguza uhusiano wa jina na kipimo katika msamiati wa vyakula. Nchini Marekani, sandwichi ya mkate mrefu huitwa 'hoagie' Philadelphia, 'hero' New York na 'grinder' New England. Majina hayo hutambulisha eneo, hayadai ukubwa. Vivyo hivyo 'kopo' la jodari: lilipopungua kutoka aunsi 6 hadi 5, jina halikukanushwa.

Hali ni tofauti kwa 'footlong', yaani 'yenye urefu wa futi moja', jina linalotumiwa na kampuni ya Kimarekani ya Subway hata ng'ambo. Mwaka 2013, mteja nchini Australia alipoonyesha picha ya sandwichi yenye inchi 11 badala ya 12, tawi la huko lilijibu kwamba neno hilo ni jina la kibiashara, si kipimo.

Kiswahili nacho kina 'kibaba', robo ya pishi: mahali pengi kilo imechukua nafasi yake sokoni, ilhali neno limedumu katika methali. Hata hivyo, maana ya kibaba ilififia kwa matumizi ya jamii nzima. Ya 'footlong' ilikanwa na muuzaji peke yake, huku mnunuzi akiendelea kusikia kipimo. Hapo suala la semantiki huwa pia suala la haki.