Somo la Malezi: Huruma Kabla ya Bakora

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: mtoto ni amana mikononi mwa wazazi wake, na kila amana ina siku ya kuulizwa. Baba wengi wa pwani hudhani wameitimiza amana hii wakisha kumpeleka mtoto chuoni, wakamlipa mwalimu ada yake na kumwambia, "Huyu ni wako, mpige mpaka asome." Kisha baba huenda zake barazani. Jioni mtoto arudipo, neno la kwanza alisikialo ni, "Umefika wapi?" Akikosa aya moja hupigwa nyumbani kwa kosa lile lile alilopigiwa chuoni. Basi hana mahali pa kukimbilia. Kesho yake hutoka na juzuu yake mkononi, lakini chuoni hafiki. Hujificha nyuma ya mashua zilizopandishwa pwani, akajifunza uwongo kabla hajajifunza Amma.

Wazee wamesema, samaki mkunje angali mbichi. Wala hawakusema mvunje.

MWENDO WA MTUME

Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimbusu mjukuu wake Hasan bin Ali mbele ya Al-Aqra bin Habis wa kabila la Tamim. Al-Aqra akasema kuwa yeye ana watoto kumi, wala hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamjulisha kuwa asiyehurumia hahurumiwi.

Na Anas bin Malik alikuwa na ndugu yake mdogo, Abu Umair, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kikafa, na Mtume akamwona mtoto yule ana huzuni. Hakumwambia kuwa ndege si kitu, wala kuwa mwanamume halii. Alimwita kwa jina lake la heshima, akamwuliza khabari ya kindege chake. Na Anas mwenyewe alimtumikia Mtume miaka 10 tangu utoto wake, akashuhudia kuwa hakusikia kwake hata "ah!" ya kuchukizwa.

MANENO YA WANAVYUONI

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ameeleza katika Ihya kuwa mtoto atendapo jema asifiwe mbele za watu. Akikosa mara moja lifumbiwe macho. Akirudia, aonywe kwa siri, wala asilaumiwe kila saa, kwani lawama ikizidi hupoteza uzito moyoni. Tena akasema mtoto akitoka chuoni aachwe acheze, kwani kumzuia mchezo na kumlemea kwa masomo huua moyo wake na kuifisha akili yake. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 (1406), ameandika kuwa mwanafunzi alelewaye kwa ukali hunywea nafsi yake, akaingia katika uvivu, uwongo na hila.

Suala: Je, sharia haikuruhusu mtoto kupigwa?

Jawabu: Imepokewa kuwa mtoto aamrishwe Sala atimizapo miaka 7, na apigwe kwa kuiacha atimizapo miaka 10. Baina yake pana miaka 3 ya kuamrisha na kukumbusha bila ya fimbo. Ikiwa Sala, nguzo ya dini, imengojewa hivyo, je, itakuwaje herufi kwa mtoto wa miaka 5? Tena katika madhehebu ya Imam Shafi'i kipigo kikali hakijuzu kabisa. Wanavyuoni wamesema, mtoto asiyerudika ila kwa kipigo kikali hapigwi hata kidogo, kwani kidogo hakimfai na kikali ni haramu. Na kipigo kikimfisha mtoto, baba au mwalimu aliyepiga huwa na dhamana yake. Na Bibi Aisha ameeleza kuwa Mtume hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi.

YAMPASAYO BABA

Kwanza, kila jioni amkalishe mtoto ubavuni mwake, amsikilize asome mistari michache, amsahihishe kwa upole. Na baba asiyejua kusoma amwambie, "Nifunze mimi ulichosoma leo," kwani afunzaye huhifadhi.

Pili, amwulize khabari ya moyo wake kabla ya khabari ya juzuu yake: nani amemcheka, na nini kimemtisha. Akawiaye kusoma pengine haoni ubao vyema, au sikio lake ni zito, au ameshinda na njaa. Maradhi haya hayana dawa katika bakora.

Tatu, asimpime kwa nduguye wala kwa mtoto wa jirani. Bashir alipotaka Mtume ashuhudie zawadi aliyompa mwanawe Nu'man peke yake, Mtume alikataa, akamwamrisha kufanya uadilifu baina ya watoto.

Nne, aende chuoni kwa adabu, aonane na mwalimu, wapatane njia moja ya upole.

KHATIMA

Imepokewa na Muslim kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika ila tatu, na moja ni mtoto mwema amwombeaye dua. Mtoto aliyefunguliwa Msahafu kwa huruma ya babaye, aghlabu ataufungua tena baba akiwa kaburini. Na aliyeujua pamoja na uchungu wa bakora, huenda akaufunga siku apatapo nguvu za kujitawala. Basi na afikiri kila baba leo, angali hai, kuwa ni nani atakayemsomea kesho.

Ewe Mola, walainishie wazazi nyoyo zao, na watoto wafungulie vifua vyao. Amin.