Masista wa Nkokonjeru: Kazi Isiyozikwa na Mwanzilishi



Katika somo hili tunatazama historia ya masista wa Nkokonjeru, Uganda. Mtauliza, hao wanahusu nini na kikundi chetu cha kuku au cha kuweka akiba? Wanahusu sana. Siku za mwanzo, misheni zetu za Mukumu na Mumias zilikuwa pamoja na Nsambya ya Kampala, chini ya mapadre wale wale wa Mill Hill. Ni historia ya nyumbani.

MWANZO MDOGO
Januari 1903 masista sita Wafransisko walifika Nsambya kutoka nyumba yao ya Mill Hill, London. Mmoja alikuwa Sista Kevin, yaani Teresa Kearney, binti wa Ireland aliyebaki yatima akiwa mtoto. Hawakungoja hospitali ijengwe. Walianza kutibu watu chini ya mwembe.

KIZUIZI
Akina mama wajawazito walihitaji msaada, lakini sheria ya Kanisa wakati huo haikuruhusu masista kufanya kazi ya ukunga. Ruhusa ilitoka Roma mwaka 1936. Sasa, wangekaa tu miaka hiyo yote wakingoja? Hapana. Walishirikiana na daktari Evelyn Connolly, ambaye hakuwa sista, na mwaka 1921 shule ya wauguzi na wakunga ikaanzishwa Nsambya. Wasichana wenyeji wakajifunza kazi ambayo masista wenyewe walikatazwa.

KUACHA MBEGU
Mwaka 1923 Mama Kevin alianzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko huko Nkokonjeru, akianza na wasichana wanane wa Uganda. Wengi wangesema hao hawatoshi. Yeye aliona wanatosha kuanza.

Alifariki Oktoba 1957 huko Marekani, akiwa na miaka 82. Wakatoliki wa Uganda walitaka arudishwe kwao, na akazikwa Nkokonjeru. Lakini shirika halikuzikwa naye. Mpaka leo masista hao wanafundisha na kuuguza Uganda, Kenya na Tanzania.

TUNAJIFUNZA NINI?
Tumeona vikundi vingi vijijini. Mashine ya kusaga inalala kwa sababu fundi wake amehamia Nairobi. Mweka hazina anafariki na hakuna mwingine anayeelewa daftari, basi jasho la akina mama linapotea hivyo hivyo. Si umaskini ulioua kikundi. Ujuzi ulikaa kichwani mwa mtu mmoja.

Kwa hiyo tufanye hivi:
1. Kila mwenye cheo afundishe mwenzake mmoja, na huyo afanye kazi yenyewe, asiangalie tu.
2. Daftari la pesa lisomwe mbele ya wote kila mkutano.
3. Kazi tusiyoiweza au tusiyoruhusiwa, tumtafute anayeiweza, naye afundishe watu wetu.

MASWALI YA KUJADILI
1. Mwenyekiti wetu akiondoka kesho, ni kazi gani itasimama?
2. Ni kijana gani hapa kwetu tunamwona mdogo, kumbe angeweza kufundishwa?
3. Tunangoja ruhusa au mfadhili gani, na tunaweza kuanza nini wakati tunangoja?

Jadilianeni bila haraka, katibu aandike majibu, na mkutano ujao myasome tena. Mwembe mnao. Anzeni.