Sinki la jiko: kwanza ujue maji yatakwenda wapi



Unataka kuweka sinki jikoni. Dukani utaonyeshwa masinki yanayong'aa. Usinunue upesi. Jiulize kwanza: maji machafu yatakwenda wapi?

Hapa Goma tumejenga juu ya mawe ya Nyiragongo. Mawe hayo yana nyufa nyingi. Maji machafu hupita ndani yake haraka, bila kuchujwa kama yanavyochujwa na udongo. Na kipindupindu tunakijua: mwezi wa Julai 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi hapa.

1. Shimo. Lichimbwe upande wa chini wa mteremko, mbali na kisima na tangi la maji ya mvua, tena lifunikwe. Unapochimba, ogopa mazuku, hasa upande wa Sake. Ni hewa nzito, isiyoonekana, inayokaa mashimoni. Ukiona ndege au panya amekufa ndani, usishuke. Mwenzako akianguka, usimfuate. Ita watu wenye vyombo vya kuokolea. Sheria hii ni ile ile ya mgodini.

2. Sifoni. Ni lile bomba lililopindwa chini ya sinki. Maji yanayobaki katika pindo huzuia harufu, mende na hewa mbaya ya shimo. Sinki likikaa siku nyingi bila kazi, mimina kikombe cha maji, pindo lisikauke.

3. Aina. Inoksi husafishika vizuri, wala haipasuki. Sementi ni ya bei ndogo, lakini lazima ilainishwe sana; matundu yake hushika mafuta na uchafu. Emaye ikibanduka, chuma huota kutu.

4. Kipimo. Pima sufuria yako kubwa ya bugali kabla ya kwenda dukani. Nayo iingie vizuri ndani ya sinki. Ukingo uwe chini kidogo ya kiwiko cha anayeosha, asiumie mgongo.

Na nyumba isiyo na robine? Usione haya. Tumia bidoni ya lita 20 yenye robine ndogo, iliyowekwa juu ya meza, na beseni tatu: ya kwanza maji ya sabuni, ya pili maji safi, ya tatu maji yenye klorini kidogo. Vyombo vikaukie juu ya uchanja, si kwa kitambaa kilicholowa. Maji machafu yamwagwe shimoni, si barabarani wanakochezea watoto.

Neno kwako baba: viatu na nguo za mgodi visioshwe kamwe katika sinki la jiko. Vumbi la kazi lisiingie katika sahani za watoto. Viwe na beseni yao, nje.

Kama shimo na sifoni havijawa tayari, ngoja. Beseni tatu safi ni bora kuliko sinki zuri linalomwaga uchafu nyuma ya nyumba.