Dondoo muhimu: kabla ya kuomba ualimu wa Historia na Jiografia

Mwalimu wa sekondari Tanzania husomea masomo mawili ya kufundishia, si moja, na hapo ndipo wengi huteleza. Historia na Kiswahili ni jozi tamu, ila foleni yake ya ajira ni ndefu. Jiografia na Hisabati ina nafuu, maana walimu wa Hisabati ni haba. Basi hesabu yako inaanza unapochagua tahasusi ya kidato cha tano: HGL, HGK, HGE au EGM.

• Soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka unaoomba, si ule wa kaka yako. Kiwango cha chini cha kujiunga na shahada ni masomo mawili ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4 (A ni 5, E ni 1). Chuo chaweza kudai zaidi.

• Maombi ya mkopo HESLB (Bodi ya Mikopo) ni tofauti na ya chuo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi.

• Shahada ni miaka 3, na ndani yake kuna mazoezi ya kufundisha. Weka akiba ya nauli na chumba. Andalio la somo na azimio la kazi jifunze kuyaandika kabla hujapangiwa shule. Mbele ya wanafunzi sitini hakuna muda wa kubahatisha.