SOMO: ELIYA CHINI YA MTI

Kusoma: 1 Wafalme 19:1-18



Somo hili tunaliandika kwa sababu ya kosa letu wenyewe. Mwaka 2025, makambi ya kando ya Goma yalipobomolewa mwezi wa pili, wengi wetu tulirudi nyumbani. Mama mmoja wa kwaya alirudi na watoto watatu. Alikuwa amekimbia Mweso mwanzoni mwa 2024, wakati mabomu yalipoanguka katikati ya watu. Alikuta nyumba haina mabati, na shamba lake la maharagi linalimwa na mtu mwingine. Majuma mengi hakufika ibadani. Tulipomtembelea alituambia wazi kwamba maombi yamemwisha mdomoni. Nasi tulimjibu nini? Tulimwambia kwamba imani yake ni ndogo, afunge siku tatu. Tukaomba kwa sauti kubwa, tukaenda zetu. Hakuna kati yetu aliyeuliza kama watoto wamekula.

Sasa tumwangalie Eliya. Huyu hakuwa mtoto katika imani. Alitoka Karmeli, mahali moto uliposhuka mbele ya manabii 450 wa Baali. Halafu Yezebeli anamtumia neno moja la kumtisha, naye anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti na kumwomba Mungu achukue uhai wake. Angalieni vizuri: anamwacha mtumishi. Aliyevunjika moyo hupenda kubaki peke yake, hata saa ile anapomhitaji mwenzake zaidi.

Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili kumlisha, kwa maana safari iliyokuwa mbele ilimzidi nguvu. Ndipo akaenda siku arobaini mpaka Horebu. Sisi tulimpa mtu mwenye njaa kufunga. Mungu alimpa mkate mara mbili.

Tena kuna jambo ambalo tulilipita miaka mingi katika sura hii. Pangoni Mungu anamwuliza Eliya anafanya nini pale, naye analalamika kwamba amebaki peke yake. Upepo unapita, tetemeko, moto, kisha sauti ndogo ya utulivu. Mungu anamwuliza tena. Eliya anajibu maneno yaleyale! Amesikia sauti ya Mungu, lakini huzuni yake haijaondoka. Na Mungu hamkasirikii. Anampa kazi, anampa Elisha wa kutembea naye, na anamwambia kwamba wako watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti. Basi kukua kwake kulikuwa wapi? Aliinuka akaenda, huku moyo bado mzito. Tulizoea kudhani kwamba imani inakua siku ya shangwe, siku wagonjwa wanaposimama na ngoma zinapolia. Eliya alizipata siku hizo, na hazikumzuia kukimbia.

Hapa kwetu Kongo tunaye Baba Simon Kimbangu. Kazi yake ya wazi huko Nkamba ilianza tarehe 6 Aprili 1921, na mwezi wa tisa alikuwa amekwisha kufungwa. Alihukumiwa kufa, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Hesabuni wenyewe: miezi isiyofika sita ya kuhubiri, miaka thelathini ya gereza huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Alikufa tarehe 12 Oktoba 1951, na kanisa halikupewa kibali mpaka Desemba 1959. Muda ule Mama Marie Muilu alilea watoto watatu na kuwatunza waamini kwa siri. Waamini wengine walihamishwa mbali na kwao, wengine mpaka Lowa, pale mto wetu unaopita Walikale unapoingia katika Lualaba. Walilima mashamba ya wageni. Lakini kule walikopelekwa ili imani yao izimike, wenyeji waliwasikia wakiomba.

Tuseme na hili. Yule asiyelala miezi mingi, au anayesema afadhali kufa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe hospitalini, kama tunavyompeleka mwenye malaria. Maombi yamsindikize njiani. Hiyo si aibu kwa kanisa.

Tulirudi kwa yule mama. Wamama walitangulia na unga, maharagi na mafuta, wakapika, wakala pamoja naye, hawakufungua Biblia siku ile. Wazee wawili walikwenda naye kwa mkubwa wa kijiji juu ya shamba. Amepata nusu, nusu ya pili bado inazungumzwa. Tulimwomba msamaha mbele ya watoto wake. Siku hizi anakuja ibadani na kuketi karibu na mlango. Katika kwaya bado hajarudi, nasi hatumsukumi.