Kijana Anaporejea Nyumbani: Somo kutoka Kwale

Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, Serikali ya Kenya ilitangaza msamaha kwa vijana waliojiunga na Al-Shabaab. Katika Kaunti ya Kwale, inayopakana na mkoa wetu wa Tanga, baadhi ya waliorejea waliuawa, wengine wakajificha. Tangazo la Nairobi halikuondoa hofu vijijini.

Wazazi wa Handeni na Korogwe wazingatie: aliyeondoka kabla ya kutimiza miaka 18 alikuwa mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009. Msimfiche. Mpelekeni kwa Afisa Ustawi wa Jamii, pamoja na mzee anayemwamini. Polisi watamhoji, na hatuahidi kuwa itakuwa rahisi. Majirani nao wamwite kwa jina lake.